Orville Alimuuliza Marlys

Kwa miaka ishirini na mbili Gordy Wessling alikuwa akimjibia mkewe. Kwa daktari wa meno alimjibia, mkahawani alimjibia, na hata dada yake Marlys akipiga simu, Gordy ndiye aliyesema, "Yupo, hajambo, anakusalimu," ilhali mwenye dada amesimama hapo hapo na taulo la vyombo mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakumnyanyulia mkewe mkono, na theluji ya mlangoni aliiondoa kabla mkewe hajaamka. Ila alikuwa na mdomo mwepesi, na Marlys alikuwa na mdomo mzito, na nyumba ikishakuwa na msemaji mmoja wa kutosha, hakuna anayemtafuta wa pili.

Alhamisi hiyo ya Juni Marlys alirudi kutoka jikoni shuleni saa tisa na nusu, miguu imemvimba, nywele zinanuka supu. Alimkuta mumewe mezani na daftari lake la softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kuzunguka vituo vinne ili kupata pointi, anapanga nani apige baada ya nani. Timu ya Baa ya Ziggy ilikuwa imecheza mechi saba msimu huo na kushindwa zote saba, lakini Gordy alilipanga daftari kila wiki kama mtu anayepanga vita.

"Nimeongea na Corinne," alisema bila kuinua macho. "Anakuja kesho saa tatu asubuhi na karatasi. Wale vijana wa Madison wameongeza. Dola laki moja na elfu arobaini na moja."

"Karatasi za nini?"

"Za kuuza nyumba, Marlys. Dalali huleta karatasi za nini tena?"

"Nilidhani tulisema tutaongea."

"Si ndiyo tunaongea."

Marlys alivua viatu. Kiwanda cha jibini alichofanyia kazi Gordy kilikuwa kinafungwa mwezi wa nane. Kampuni ilikuwa imewachagua watu kumi na wanane na kuwaambia, mkitaka, kazi ipo kwenye kiwanda chetu kingine, Nebraska, mwendo wa saa tisa kwa gari. Jibu tulipate kabla ya Ijumaa adhuhuri. Gordy hakungoja Ijumaa. Jumanne alimwambia bosi wake, "Sisi tuko tayari," akarudi nyumbani akala chakula chake, na mkewe akazipata habari hizo Jumatano, dukani, kwa mwanamke aliyekuwa akipima viazi.

"Na kazi yangu?" Marlys aliuliza.

"Nebraska hakuna shule? Watoto wa Nebraska hawali?"

"Nimefanywa mpishi mkuu, Gordy. Nilikuambia Jumatatu."

"Na nilikupa hongera. Sikukupa?"

Kweli alimpa. Alisema hongera, halafu akasema ni kheri kampuni imewaambia mapema, wakihama shule itakuwa na muda wa kutafuta mtu mwingine. Marlys alikuwa amekwisha kupewa funguo za stoo. Zilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, funguo nne kwenye pete ya chuma, na tangu Jumatatu alikuwa akizishika mara kwa mara kuhakikisha zipo. Miaka kumi na tisa alikuwa amebeba masufuria ya mtu mwingine katika jiko lile. Zaidi ya hapo, hakutaka kuuza nyumba. Hakuipenda sana ile nyumba, ngazi zake za chini zilikuwa na unyevu, lakini yake ilikuwa ni hiyo.

Alichungulia daftari. Kila jina lilikuwa na agizo dogo mbele yake, kwa kalamu ya risasi. Duane, mdogo wake Gordy: *aue mpira*. Twyla, mhudumu wa baa: *akimbie*. La nane lilikuwa jina lake, na mbele yake: *atembee*.

"Umeniandikia tena."

"Nini?"

"Atembee."

"Ni hesabu tu, mke wangu. Wewe ukitembea bure kituoni badala ya kupiga, ninayefuata kupiga ni mimi. Usiliweke moyoni." Akafunga daftari. "Una shati safi? Lile la kijani nimeona lina doa la nyanya."

* * *

Uwanja ulikuwa nyuma ya kanisa la Walutheri, na kufikia saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado liko juu kama la mchana. Mbu walikuwa wamekwisha kufika. Wapinzani walikuwa timu ya Lyle Haugen, muuza matrekta, mwenye kuwanunulia watu wake mashati mapya ya buluu kila mwaka na kuyaandika jina lake mgongoni, yote kumi. Waliongoza ligi. Walileta sanduku la barafu lenye magurudumu.

Katika ligi ile wanaume watano na wanawake watano hucheza pamoja, na hupiga kwa kupokezana, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Ukikosa mwanamke mmoja, nafasi yake ikifika mwamuzi huhesabu kwamba mtu wako katolewa, hivi hivi, bila mpira kurushwa. Jioni hiyo Twyla alikuwa amechelewa. Zamu yake baa haikuwa imekwisha, na Ziggy mwenyewe, aliyewanunulia mashati ya timu, ndiye aliyekataa kumwachia.

"Anataka tushinde au anataka bia ziuzwe?" Duane aliuliza.

"Anataka vyote," alisema Gordy. "Nenda kasimame mahali pako."

Bila Twyla walikuwa wakipoteza mtu bure kila nafasi yake ilipofika, na wakitolewa watatu zamu ya timu huisha. Gordy ndiye aliyekuwa mrushaji. Aliurusha mpira kwa chini kama inavyotakiwa, ukapanda juu polepole, ukashuka polepole, na watu wa Haugen wakawa wanaungoja kama wanavyongoja mkate utoke. Zamu ya nne kati ya saba ilipokwisha hesabu ilikuwa kumi na moja kwa mbili.

"Gordy!" Lyle Haugen alipaza sauti kutoka benchi lake. "Nebraska wanajua wanachokipata?"

Watu walicheka, wa timu zote mbili. Gordy naye alicheka, akasema Nebraska wana bahati, akaenda kuchukua maji. Marlys alimtazama akienda. Kwa hiyo hata Lyle Haugen alikuwa anajua, na ubao wa INAUZWA haujasimikwa bado.

Alipofikiwa yeye kupiga, zamu ya kwanza na ya tatu, alitoa vimpira viwili vilivyodundia mbele ya mrushaji, akatolewa mara zote mbili kabla hajafika nusu ya njia. Wenzake walimsogezea nafasi benchini, wakaendelea kuzungumza mambo yao. Hilo alikuwa amelizoea, lakini jioni ile lilimkera.

Zamu ya tano Twyla alifika mbio na aproni ya baa bado kiunoni, akatupa mkoba chini, akauliza, "Wangapi?"

"Kumi na moja kwa mbili," Duane akamjibu.

"Sisi tuna kumi na moja?"

"We mtoto wewe."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wa Haugen waliona kazi imekwisha, wakafungua sanduku lao la barafu mapema, na wale waliokuwa mbali uwanjani wakaanza kujadili wakale soseji au pizza. Mmoja alidaka mpira kwa glavu mkono mmoja na kopo mkono wa pili, yaani hakudaka. Ziggy wakapata pointi tatu. Zamu ya sita Gordy aliurusha mpira vizuri kuliko alivyourusha mwaka mzima, hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza, na wao wakaongeza mbili. Kumi na moja kwa saba. Makopo yalirudi kwenye barafu, na Lyle akaacha kupiga kelele, akaanza kunong'ona.

* * *

Zamu ya saba ndiyo ya mwisho. Watu wa Haugen hawakupata kitu. Ziggy walihitaji nne kusawazisha, tano kushinda. Mtu wa kwanza akatolewa, wa pili akafika, wa tatu akafika. Kwa vimpira vya ovyo na makosa ya wapinzani, wakapata moja, wakapata ya pili, mtu mwingine akatolewa, kisha Twyla akapiga mpira mrefu wa chini uliopita katikati ya miguu ya mtu, akamwingiza mwenzake, na mwenyewe akakimbia hadi kituo cha tatu akaanguka kifudifudi juu yake. Kumi na moja kwa kumi. Wawili wamekwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu mchezo umekwisha.

Aliyefuata kupiga alikuwa Duane, mtu wa kilo mia na ishirini, ambaye mwezi uliopita aliupeleka mpira mpaka kwenye maegesho ya kanisa, ukavunja kioo cha gari la mchungaji. Lyle Haugen aliomba mchezo usimame, akaenda kumnong'oneza mrushaji wake. Mrushaji akaanza kutupa mipira mbali na Duane, makusudi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Waoga!" Ziggy alipiga kelele. Alikuwa amefunga baa kuja kuangalia.

Mipira minne mibaya humpa mpigaji njia ya bure. Ili wanaume wasikwepwe namna hiyo kila mara kwa kuwa wanafuatwa na wanawake, sheria ya ligi humpa mwanamume huyo vituo viwili badala ya kimoja. Na kama wawili wamekwisha kutolewa, mwanamke anayemfuata huchagua. Akitaka, naye atembee bure hadi kituo cha kwanza. Akitaka, apige. Mwamuzi lazima amuulize. Duane alitembea hadi kituo cha pili huku akiwapungia watu mkono kama mgombea, na aliyefuata alikuwa Marlys.

Misimu mitatu Marlys alikuwa akiulizwa swali hilo, na misimu mitatu Gordy alikuwa akilijibu. Sasa Gordy alikuwa amesimama pembeni, kwenye duara la anayefuata, anapunga magongo mawili kwa pamoja. Marlys akitembea, vituo vyote vitatu vitajaa, na Gordy atapiga kwa ajili ya ushindi. Uso wake ulikuwa umekwisha kuupiga mpira ule. Ulikuwa umekwisha kufika baa na kuanza kusimulia.

Mdakaji wa Haugen alikuwa Rochelle, karani wa daktari wa meno, mwanamke mchangamfu ambaye hakujua kunyamaza hata mtu akiwa na sindano mdomoni. Marlys alipofika aliinua macho kutoka alipochuchumaa.

"Pole na kazi, dada. Wewe tembea tu, upumzike."

"Mnamwogopa Duane," alisema Marlys.

"Duane ndiyo. Tunayemtaka ni mumeo." Rochelle alipunguza sauti, kwa wema kabisa. "Lyle anasema Gordy akibanwa lazima aupige juu angani. Kila mwaka. Si tunajua atakuambia utembee? Sisi tunangoja tu kuudaka, mchezo uishe, twende tukale."

Marlys aligeuka kumtazama mumewe. Alimwona amelowesha viganja kwa mate, anavisugua kwenye suruali. Huruma na hasira vilimjia pamoja, hakujua kipi kilitangulia. Mji mzima ulikuwa unajua Gordy atasema nini na atafanya nini, na mtu pekee asiyejua alikuwa Gordy.

Mwamuzi alikuwa Orville Stubbe, mpeleka barua mstaafu. Alifuta jasho, akafungua kijitabu chake.

"Bibi Wessling. Unatembea au unapiga?"

"Anatembea!" Gordy alijibu kutoka kwenye duara.

Orville hakugeuza hata shingo. "Sikukuuliza wewe, Gordy. Bibi Wessling?"

"Orville, nimeshakwambia, anatembea. Marlys, nenda kituoni."

Orville alivua kinyago cha uso. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amepeleka barua katika mji ule na kila barua aliifikisha kwa mwenye jina lake. "Sheria inasema nimuulize mpigaji," alisema. "Namuuliza mpigaji. Kama una neno, ngoja zamu yako."

Marlys alisikia mashine ya kukata nyasi mtaa wa pili. Aliona kwamba watu wote wanamtazama, na kwamba hajui kusimama watu wakimtazama, na kwamba gongo linateleza mkononi.

"Napiga," alisema.

"Sijakusikia."

"Napiga, Orville."

"Marlys!" Sauti ya Gordy ilipanda kama ya kijana anayebalehe. "Marlys, kwa jina la Mungu!"

Lyle Haugen kwanza alishangaa, halafu akafurahi. "Sogeeni! Sogeeni ndani! Njooni wote!" Watu wake wanne waliokuwa mbali wakasogea, wakasogea tena, hadi wakasimama mwanzo wa majani, karibu kiasi kwamba Marlys aliona mmoja wao ana kipele kidevuni. Walikuwa wameviona vile vimpira vyake viwili. Walikuja kuvifuata.

Mpira wa kwanza aliukosa kabisa, akazunguka nusu duara. Mtu mmoja alicheka. Wa pili aliugusa kidogo ukaenda pembeni, haukuhesabiwa ila kama kosa. Akikosea tena, basi.

"Ungetembea," Rochelle alinong'ona.

Mpira wa tatu ulipanda polepole, ukakaa juu muda mrefu, ukaanza kushuka. Marlys hakufikiria Nebraska wala nyumba, alifikiria sufuria. Sufuria kubwa la supu, kilo ishirini na tano, hulibebi kwa mikono, unalibeba kwa kiuno na mgongo, na unalizungusha mara moja bila kusita, kwa sababu ukisita unaungua. Alizungusha.

Haukuwa mpira wa ajabu. Siku nyingine yoyote, mtu aliyesimama mahali pake angeudaka bila kuondoa miguu. Lakini hapakuwa na mtu aliyesimama mahali pake. Mpira uliwapita wale wanne juu ya vichwa, ukatua nyuma yao, ukaendelea kubiringika kwenye majani hadi kwenye ua, chini ya tangazo la nyumba ya mazishi. Wote wanne walikimbia kuufuata, na wawili wakagongana. Twyla aliingia akitembea. Duane aliingia akihema kama fahali, goti moja halikunjiki, mkono mmoja umeshika suruali isimvuke, na mpira ulipofika kwa Rochelle yeye alikuwa amekwisha kulala chali juu ya kituo cha nyumbani, pale pa kupigia, na kukipiga makofi.

Kumi na mbili kwa kumi na moja.

Watu wa Ziggy wote walimrukia Duane. Walimwagia maji, walijaribu kumbeba, wakashindwa, wakamwangusha. Marlys alikuwa kwenye kituo cha pili. Hakuna aliyemwambia asimame kituo cha kwanza, kwa hiyo alikuwa ameendelea kukimbia. Alisimama pale peke yake, mikono kiunoni, akiwatazama. Baada ya muda Orville alikuja na mfuko.

"Shuka, Bibi Wessling. Nakusanya vituo."

Alishuka. Orville alikiokota kituo, akakikung'uta vumbi.

"Ulipiga vizuri," alisema, akaenda zake.

* * *

Kwa Ziggy, timu ikishinda, jagi la kwanza ni la bure. Ziggy ilimbidi alitafute lile jagi, kwa kuwa lilikuwa halijatumika tangu mwaka uliopita. Duane alikaa katikati. Gordy alisimama, kwa sababu alikuwa anasimulia.

"Sasa namwona Lyle ananong'ona. Nikajua. Nikamtazama Marlys, nikampa jicho, hivi. Yaani piga! Nimepanga zamani, lakini mbele yao nasema atembee, atembee, ili wasogee."

"We Gordy," alisema Twyla, "sauti ilikutoka kama paka aliyekanyagwa mkia."

"Huo ndio ujanja wenyewe."

Watu walicheka kwa upole unaowafaa watu wazima. Kila mmoja alikuwa amesikia. Gordy alicheka pamoja nao, na kila alipocheka alimtazama mkewe kidogo, na Marlys alikuwa anakula vipande vya jibini vya kukaangwa, kimoja kimoja. Angeweza kumuumbua kwa maneno matano. Hakufanya hivyo.

Ndani ya pikapu, wakirudi, Gordy aliendesha mitaa minne kabla ya kusema.

"Ulininyang'anya zamu yangu."

"Ilikuwa yangu."

"Unajua ninachosema. Vituo vimejaa, Marlys. Vimejaa! Mtu anaipata nafasi hiyo mara ngapi? Na huu ni msimu wangu wa mwisho hapa." Alibadilisha gia. "Ningepiga."

Marlys aliyaona maneno ya Rochelle yote, yamepangwa tayari. *Tunayemtaka ni mumeo.* Yangemaliza mabishano na pengine yangemmaliza na mwenye mabishano. Aliyameza.

"Labda," alisema.

"Basi kwa nini?"

"Orville aliniuliza mimi."

Gordy akakata kona kuingia mtaa wao.

* * *

Corinne Lindquist alifika saa tatu kamili asubuhi, viatu vyake mkononi ili asichafue zulia, ingawa zulia lilikuwa chafu. Alikubali kahawa. Alitandaza karatasi mezani, akabandika vipande vidogo vya njano pale palipotakiwa sahihi, mbili za Gordy na mbili za Marlys. Aliwapa hongera kwa ushindi. Mji mzima ulikuwa umesikia.

"Haya basi," alisema, akibonyeza kalamu, na kwa mazoea akamgeukia Gordy. "Mko tayari?"

Gordy alifungua mdomo. Alibaki hivyo kwa muda, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alikuwa hajalala vizuri. Alimtazama Corinne, akatazama karatasi, akatazama ndoano ya ukutani ambapo pete ya funguo nne ilikuwa inaning'inia, halafu akaufumba.

"Muulize yeye," alisema.

Corinne alidhani ni mzaha, akatabasamu, akaona si mzaha. "Marlys?"

"Hapana," alisema Marlys. "Mimi sitii sahihi."

Corinne alisema labda awaache wazungumze, Marlys akasema hakuna haja, anywe kahawa yake. Kisha akamgeukia mumewe. Maneno yalimjia kwa shida, moja moja, lakini yalikuja.

"Kazi ya Nebraska nzuri, nenda. Sikuzuii. Hapa hakuna kiwanda kingine, najua. Panga chumba. Mimi nina dola kumi na tisa kwa saa kuanzia mwezi wa nane, nyumba hii naiweza. Utakuja wikendi utakazoweza. Mwakani tutaongea. Tutaongea, Gordy. Siyo utaniambia."

"Saa tisa kwa gari, Marlys."

"Najua ni saa tisa."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema umekwenda Nebraska."

Gordy alicheka bila kupenda, mara moja, kisha macho yakamjaa maji, akainuka akaenda kusimama dirishani akawapa mgongo. Marlys aliumia kumwona hivyo. Alikuwa anampenda, hilo halikuwa limebadilika, na halikuwa ndilo swali. Corinne alibandua vipande vyake vya njano kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kadi yake, kwa sababu vilikuwa bado vinafaa.

Kabla ya adhuhuri Gordy alimpigia bosi simu kutoka barazani, na mlango ukiwa wazi. "Ndiyo, naja," Marlys alimsikia akisema. "Hapana. Peke yangu." Bosi akauliza kitu. "Ana kazi yake hapa. Mpishi mkuu."

Alhamisi iliyofuata timu ya Ziggy ilipigwa kumi na nane kwa tatu na watu wa benki, na Duane akatonesha goti. Jagi likarudishwa kabatini. Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa kumi na mbili kasoro, kabla mchezo haujaanza, Marlys alikuwa anatafuta dawa ya mbu kwenye mfuko wa Gordy akakutana na daftari. Alilifungua. Duane, *aue mpira*. Twyla, *akimbie, na awahi*. La nane lilikuwa jina lake. Mbele yake palikuwa na doa la kijivu ambapo neno moja lilikuwa limeandikwa, likafutwa kwa ufutio, karatasi ikakaribia kutoboka, na juu ya doa Gordy hakuwa ameandika kitu.